Mshono wa Mama kwenye Kiti cha Tukutuku

Mwanangu, ipo siku moja ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu. Ni siku niliyosimama mbele ya marehemu baba yangu, hapa hapa Tukuyu, nimekumbatia kiti cha pikipiki nilichotoka nacho Uchina, nikitafuta pa kuificha sura yangu. Wewe sasa unafunga mabegi kwenda Guangzhou. Umejifunza kuhesabu kwa Kichina, umejua kusema ghali, umejua kusema punguza, na unatembea kifua mbele. Vema. Kaa kidogo nikupe lile ambalo soko halitakufundisha.

Baba alikuwa bwana mifugo. Kazi yake ilikuwa kupanda na kushuka milima hii akichanja ng'ombe, na usafiri wake ulikuwa pikipiki la Kiingereza, la zile zilizotengenezwa baada ya vita kuu ya pili, si kubwa la kutisha wala si dogo la kuchezea. Alilinunua kwa Mzungu daktari wa mifugo aliyekuwa anarudi kwao. Nyinyi mnasema pikipiki. Sisi tulisema tukutuku, na ukilisikia lile ulijua jina limetoka wapi. Lilikuwa na silinda moja, likipiga polepole, tuku, tuku, tuku, hata ukadhani litazima, na halizimi. Gia zilikuwa mguu wa kulia na breki mguu wa kushoto, kinyume cha pikipiki zenu. Fundi mmoja wa mjini aliyejifanya mjuaji alikanyaga gia akidhani breki, akaishia katikati ya shamba la chai. Nati zake zilitaka spana zake zenyewe, za vipimo vya Mwingereza, ambazo baba hakumwazima mtu. Lilivuja oili tangu siku ya kwanza, na mama aliliwekea sahani ya bati chini, akasema hata mtoto mchanga huwekewa nepi. Tena lilitaka adabu. Kabla ya kulipiga kiki ulirudisha kwanza kijiti cha kuchelewesha cheche pale kwenye usukani. Ukilikurupusha, lilikujibu kwa teke la ugoko. Baba alikuwa na kovu.

Kiti chake kilikuwa cha ngozi nene, kimekalia springi mbili, cha mtu mmoja tu. Abiria alikaa nyuma kwenye keria. Siku moja kule joshoni fahali alikipiga pembe, kikachanika ubavuni. Mama alikishona kwa sindano ya shazia na uzi wa katani alioupaka nta ya nyuki. Mshono ulianza umenyooka, kisha ukapinda mwishoni, kwa sababu mimi, niliyekuwa mgongoni, nililia njaa naye akaharakisha. Baba alipenda kuisimulia hadithi hiyo mbele ya wageni, na mama alimtupia kitambaa cha vyombo. Mama alipofariki, hadithi ile haikusimuliwa tena. Ila nilimwona baba akipitisha kidole pale ubavuni kabla ya kupanda, na kila Jumapili baada ya ibada alikwenda na tukutuku lake hadi kaburini kwa mama, ng'ambo ya mto, akakaa huko mpaka jua lipungue makali.

Mvua ya Tukuyu haina likizo, nayo ngozi haina urafiki na mvua. Mwishoni mwa miaka ya tisini ile ngozi ilianza kukakamaa na kupasuka kandokando ya mshono. Baba akaacha kulipanda, akiogopa uzito wake utaukata uzi. Wakati huo mimi nilikuwa mfanyabiashara, nikileta sketi na blauzi kutoka Guangzhou, na sokoni waliniita mama Uchina, jina lililonivimbisha kichwa. Nikamwambia baba anipe kiti, kwani kule kuna mji mzima wa watu wa ngozi. Alisita. Kisha akatoa spana zake, akakifungua mwenyewe, akakizungushia kanga ya mama.

"Sekela," aliniambia, "sitaki kipya. Nataka kitiwe kiraka kwa ndani, kishikilie. Mshono wa mama yako wasiuguse. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, baba."

Nilimwelewa kweli, mwanangu. Hilo ndilo linalouma. Ningekuwa sikuelewa, leo ningekuwa na kisingizio.

Kule Guangzhou nilipanga chumba karibu na Kangle, kijiji kilichomezwa na jiji, ambako kila mlango una cherehani. Vitambaa nilichagua soko la Zhongda, nikavipeleka Kangle vishonwe, na ukishavipeleka husogei. Ukienda kunywa chai, ukirudi unakuta zipu si zile mlizokubaliana. Kwa hiyo nilikaa kwenye kigoda pale mlangoni, askari wa sketi zangu. Mbele yangu vijana wa pikipiki za abiria walipita kutwa nzima, vipikipiki vyao vikilia kama nyuki, nami nikavidharau moyoni, nikijiona binti wa tukutuku. Shiling, mji wenyewe wa ngozi, ulikuwa safari ya basi ya kula siku yote. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi sikutaka kuinama. Nikampa Festo.

Festo alikuwa kijana wa Njombe tuliyepanga naye jengo moja, mnunuzi wa mikoba ya kike huko Shiling. Alikuwa mcheshi na mwaminifu, na mdomo wake haukujua kupumzika. Nilimkabidhi kiti, na maneno ya baba nikayafupisha, maana sketi zangu zilikuwa zinatiwa vifungo na jicho langu lilikuwa huko.

"Warekebishe tu, Festo. Huu mshono ubaki vile vile."

"Usiwaze, dada Sekela," alinijibu, mguu mmoja tayari uko barabarani. "Yule laoban ni mtu wangu. Nampa neno moja tu, ananisoma."

Laoban ni bosi. Kila mwenye duka tulimwita hivyo. Na kweli Festo alimpa neno moja. Sote tulikuwa na Kichina cha kununulia. Tulijua kuuliza bei, tulijua kulalamika kwamba ni ghali, tulijua meiyou, yaani hakuna, kwa sababu tuliambiwa hivyo kutwa. Neno la kurekebisha hatukuwa nalo. Tungelipata wapi? Hakuna aliyepanda ndege kwenda Guangzhou kurekebisha kitu. Tulikwenda kunakilisha. Ukiingia kiwandani na kitu cha zamani mkononi, hicho ni sampo, na sampo ina njia yake: inafumuliwa uzi kwa uzi, vipande vinalazwa juu ya karatasi, vinachorwa, kisha vinatupwa. Ndiyo kazi ilivyokwenda, na sisi wenyewe tuliifurahia ilipokuwa inafumuliwa mikoba ya watu wengine.

Basi Festo akaweka mezani sampo ya mkoba wake, akaweka na kiti cha baba kando yake, akagusa mshono wa mama kwa kidole, akasema, "Yiyang, yiyang." Maana yake vile vile. Yeye alitaka kusema, huu uacheni vile vile. Bosi akasikia, nitengenezee vile vile.

Siku aliyorudi nacho alikuwa anacheka tangu mlango wa jengo. "Dada, cheki mwenyewe! Orijino kabisa! Mzee hapa ataniita mkwe."

Akaifungua ile kanga. Ngozi ilikuwa mpya, nyeusi, inang'aa, imewambwa juu ya springi za zamani ambazo nazo zilisuguliwa kutu. Na ubavuni, mwanangu, juu ya ngozi nzima isiyo na jeraha lolote, cherehani ilikuwa imepiga mshono. Umenyooka, umenyooka, kisha mwishoni umepinda. Bosi aliambiwa vile vile, akafanya vile vile. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Mimi nilikuwa nimeletewa kidonda chenyewe, kimetengenezwa kiwandani. Walinakili hata kilio changu cha uchanga.

Nilimtukana Festo pale mlangoni mpaka washonaji wa Kangle wakasimamisha cherehani zao. Maskini, hakujua kosa lake ni lipi. "Sasa si afadhali, dada?" alikuwa ananiuliza. "Kile si kilikuwa kimeoza?"

Nikaziacha sketi zangu, nikakibeba kiti, nikamburuta Festo hadi Shiling. Mke wa bosi alinipokea kwa furaha, akapapasa kiti, akanyanyua dole gumba. Alijivunia kazi yao, na alikuwa na haki ya kujivunia. Nilitaka kumwambia kwamba aliyeshona pale alikuwa mama yangu, na kwamba amekwisha kufa. Nikafungua mdomo. Humo kinywani mlikuwa na bei, mlikuwa na ghali, mlikuwa na punguza. Miaka yangu yote ya Guangzhou nilijifunza maneno ya kuchukua, sikujifunza hata moja la kuomba. Nikaonyesha kwa mikono: ile ngozi ya zamani, iko wapi? Akatazama chini ya meza, akatazama nyuma ya mlango palipowekwa magunia ya masalio, akarudi amekunja uso kwa huruma.

"Meiyou," alisema. Hakuna.

Njia nzima ya kurudi nyumbani nilitunga maneno ya kumwambia baba, na yote yalianza na jina la Festo.

Nilimkuta barazani. Tukutuku lilikuwa limeegemezwa pembeni, limepigwa brashi, bila kiti, kama fahali aliyekatwa nundu. Alikuwa amevaa koti lake la safari. Alipokea kiti kwa mikono miwili, akakigeuza kwenye mwanga, akapitisha kidole ubavuni kama alivyozoea. Kidole kikafika mwishoni, pale mshono ulipopinda, kikasimama. Akarudia tangu mwanzo. Baba alishika ngozi za ng'ombe maisha yake yote. Jeraha lililopona na ngozi nzima havikuweza kumchanganya.

"Hapa hapakuchanika," alisema.

Hapo nikafungua bomba. Nikamlaani Festo, nikailaani Shiling na watu wake. Baba aliniacha niseme mpaka maneno yakaniishia.

"Huyo kijana alikosa lugha ya Wachina," akaniambia. "Hilo si kosa kubwa, hata mimi siijui. Lakini lugha yangu wewe ulikuwa nayo, Sekela. Nilikupa wewe, sikumpa yeye. Uliitoa mkononi mwako kwa sababu ulikuwa unahesabu vifungo."

Hakupaza sauti. Angenichapa ningemshukuru. Alikiweka kiti juu ya kabati pale ukumbini, akalifunika tukutuku kwa turubai, akaiondoa ile sahani ya bati iliyokuwa chini yake, akaiosha, akairudisha jikoni. Nilipoona sahani ile imerudi kwenye rafu ya vyombo, nilijua kwamba hatalipanda tena.

Na hakulipanda. Jumapili iliyofuata alikwenda kaburini kwa miguu. Aliendelea kwenda kwa miguu mpaka goti likamkataza daraja la mto, na baada ya hapo alikaa barazani akitazama upande ule. Nilijitolea kumkodia gari. Alinijibu, asante, na nilipolileta gari hakupanda. Alinipenda, sitakudanganya kwamba hakunipenda. Alinibariki alipokuwa anakufa. Lakini mimi nilimnyima Jumapili zake, na baraka haikunirudishia hata moja.

Festo baadaye alifanikiwa, ana maduka. Tukikutana ananiita dada kwa heshima, nami namwitikia. Moyo haujamwitikia bado. Najua sina haki, na bado haujamwitikia. Uzee haufuti kila kitu, mwanangu, usidanganywe na mvi.

Kiti chenyewe kipo, ukiinuka utakiona. Kipapase. Ngozi ile haijapasuka popote mpaka leo, na ule mshono haujafumuka hata uzi mmoja. Ilikuwa kazi nzuri mno. Natamani ingekuwa mbovu.

Basi sikiliza. Wazee walituasa usiache mbachao kwa msala upitao, nasi tukadhani wanasema habari za mikeka. Ukienda huko, nunua vipya upendavyo, ndiyo biashara, na Mungu aizidishe. Lakini ukipewa kitu cha mtu kilichoshonwa na mtu, kipeleke kwa miguu yako, hata kama sketi zote za Kangle zitafungwa zipu za plastiki. Agizo la mzazi usilifupishe. Alilipima kabla ya kulisema. Na kabla hujajua Kichina cha kununua, jifunze kwanza kusema: tafadhali, hiki usikibadilishe. Neno la kurekebisha ni xiu. Ni fupi, linatoka kama pumzi. Nililijua baadaye, kutoka kwa fundi viatu wa kando ya barabara pale pale nje ya Kangle, ambaye nilimpita kila asubuhi na sikuwahi kumsalimu.

Nenda, mwanangu. Mungu akufungulie njia ya kwenda na asiifunge ya kurudi. Mikono yako ishike bila kuponyoka, na ulimi wako usipungukiwe neno siku utakapolihitaji. Na ukichanika, maana kila mtu huchanika, akujalie wa kukushona anayejua ni wapi palipochanika.