Kopo la Rangi ya Mwili

Mtaani kwao walimwita Daktari wa Watakatifu, na jina hilo alilipenda kuliko la ubatizo. Bikira Maria akivunjika kidole kwenye maandamano, analetwa kwake. Mtakatifu Yosefu akiangushwa na paka wa sakristia akang'oka pua, kwake. Karakana yenyewe ilikuwa chumba kimoja nyuma ya nyumba, kinanuka tapentaini, na ukichungulia dirishani bila kuambiwa unaweza kupiga kelele: malaika wa plasta wamelazwa chali mezani, wamefungwa bandeji shingoni, na fundi yuko katikati yao anawabembeleza. "Tulia, mzee," anamwambia Mtakatifu Petro. "Ni sikio tu."

Kazi aliirithi kwa baba yake. Pamoja na brashi alirithi makopo, kila moja lina jina aliloliandika marehemu kwa mkono wake: ANGA, DAMU, UDONGO, na kopo kubwa kuliko yote, MWILI. Ile ya MWILI ilikuwa rangi ya waridi, laini, imepauka kidogo. Ndiyo iliyopakwa kwenye nyuso za watakatifu wote, na viganja vyao, na nyayo zao. Fundi mwenyewe alikuwa mweusi tii, na miaka yote hiyo hata siku moja hakujiuliza. Ukimwambia mwili, mkono unakwenda kwenye kopo lile wenyewe.

Mke wake ndiye aliyepata taabu. Kila wakati wa chakula humkagua mikono kama mwalimu wa zamu. Tone moja tu la MWILI likiwa kwenye mgongo wa mkono, linaonekana toka mlangoni. "Rudi ukanawe," humwambia. "Umejaa watakatifu."

Baba yake fundi ndiye aliyewachora maaskofu wa jimbo, picha kubwa zilizotundikwa ukumbini kwa askofu. Zilikuwa sita, zimepangwa ukuta mmoja, na wote sita ni wazungu. Wa kwanza ana ndevu mpaka kifuani. Wa mwisho ndiye mstaafu, bado yu hai, anamwagilia nyanya zake bustanini na kumtania kila apitaye. Walikuwa watu wema, tusiwasingizie. Lakini ndivyo ilivyokuwa, na watu wa jimbo walishazoea kwamba askofu hushuka kwenye ndege.

Basi ikaja habari kwamba askofu mpya ni mtoto wa hapa hapa, tena wa mtaani kwao, nyumba tatu kutoka kwa fundi! Mtaa ulilipuka kwa vigelegele. Mama yake, mjane mfuga kuku, jioni ile ile akawa Mama Askofu, hata kwa wale waliokuwa hawamsalimu kwa sababu ya kuku wake kuwachimbulia bustani.

Katibu wa jimbo akaja karakana. "Fundi, picha ya saba ni yako. Tunaifunua Jumapili, baada ya misa ya kumsimika."

Fundi alilia, hakuona aibu. Maisha yake yote alikuwa akitibu kazi za wengine, pua hapa, kidole pale. Sasa kazi yake itakaa ukuta mmoja na za marehemu baba. "Nisipoiharibu," alimwambia mkewe.

"Utaharibu nini? Si uso tu?"

"Uso ndio kila kitu, mke wangu."

Alichora akitazama picha aliyoletewa na katibu. Macho yakakubali, pua ikakubali. Ulipofika wakati wa ngozi, mkono ukaenda kwenye MWILI kama kawaida, akatia UDONGO kidogo, akaongeza, akaongeza tena. Kisha akarudi nyuma kutazama, na hofu ikamwingia. Aliuona ule ukuta kichwani mwake: nyuso sita zinang'aa, ya saba nyeusi. Atatokeza mno, aliwaza. Watu watamwona yeye tu, kama mgeni aliyekosea mlango. Akarudishia MWILI kidogo. Kidogo tena. Alifanya kwa upendo, jamani, hilo lazima lisemwe. Alitaka mtoto wa mtaani apokelewe vizuri na wenzake pale ukutani.

Ijumaa Mama Askofu akapiga hodi, ameshika trei ya mayai, mke wa fundi yuko nyuma yake.

"Karibu, Mama Askofu. Mgonjwa wako yuko tayari," fundi alisema, akafunua kitambaa kwa mbwembwe.

Mama akatazama. Akavaa miwani. Akaivua, akaifuta kwa upindo wa nguo, akaivaa tena.

"Huyu nani?"

Fundi akacheka, akidhani anataniwa. "Si mwanao huyo!"

"Mwanangu? Kwani kaumwa nini?"

"Hajaumwa, mama."

"Mbona kapauka hivi? Mwanangu tangu mdogo simtoi nje bila mafuta. Leo kawa askofu ndiyo apauke?"

Mke wa fundi alicheka mpaka akashika mlango. Fundi hakucheka. Alianza kuitetea kazi yake. "Pua ni yake, mama. Macho ni yake. Na hiyo ni rangi ya mwili."

"Mwili wa nani?"

Aliuliza kwa upole tu, kama mtu anayeuliza njia. Fundi alilichukua kopo amwonyeshe. Akalitazama kopo, akautazama mkono wake ulioshika kopo, akaona haya kubwa.

"Niliogopa," alisema mwishowe. "Niliogopa asije akaonekana mgeni kati ya wale."

Mama Askofu akavuta kigoda, akaketi. "Mgeni? Mtoto kazaliwa nyumba ile pale, ukivuta shingo unaliona bati lake. Wale sita ndio walikuja wageni, nasi tuliwapokea na sura zao walizokuja nazo. Kuna mtu aliwapaka masizi? Sasa mwenye nyumba ndiye apakwe chokaa?"

Mke wa fundi aliacha kucheka.

"Futa," mama alisema. "Mimi nakaa hapa hapa. Rangi yake kaichukua kwangu. Baba yake alikuwa maji ya kunde, hakusaidii."

Fundi akakwangua. Ilimuuma, maana ilikuwa kazi ya siku nyingi, lakini alikwangua. Kisha akamtazama mama yule kwa macho ya kazi, na kuanzia hapo akasahau hofu. Aliona wekundu kwenye shavu, akachota DAMU. Aliona ubuluu chini ya kidevu, akachota ANGA, kopo ambalo hajawahi kulipeleka usoni kwa mtu. UDONGO ukaisha, akachokora chini. Muda wote mama anasimulia jinsi Baba Askofu, akiwa mtoto, alivyokuwa akiwahubiria kuku, na jogoo mmoja mkorofi aliyekuwa akiondoka kabla ya baraka. MWILI ilitumika mahali pamoja tu, upande wa ndani wa kiganja kilichoinuliwa kubariki.

Asubuhi ya Jumapili, wakati wa kutundika, ngazi ikalikwaruza sikio la askofu pichani. Fundi akachanganya rangi haraka, akaijaribu mgongoni mwa mkono wake kwa kukosa kibao cha rangi, akaziba. Mchana ukumbi ulijaa, kitambaa kikavutwa, vigelegele vikapanda mpaka madirisha yakatetema. Mstaafu alisimama na fimbo yake akaitazama ya saba, halafu yake mwenyewe.

"Fundi, baba yako alinichora mwekundu kama nyanya zangu. Nilidhani ananitania."

"Hapana, Baba Askofu. Ulikuwa mwekundu hivyo hivyo. Ulikuwa umetoka juani."

Mstaafu alicheka mpaka akakohoa. Naye mama mtu alikuwa amesimama chini ya picha, amekunja mikono, anaisemesha. "Ehee. Huyu namjua," alisema. "Nyoosha shingo, baba, watu wanakutazama." Askofu mwenyewe, aliye hai, kule nyuma akanyoosha shingo. Alipomfikia fundi aliushika mkono wake kwa mikono yote miwili, asiuachie upesi.

Nyumbani mke alimngoja na jagi la maji. Akaichukua mikono yake, akaikagua upande huu, akaigeuza upande ule.

"Leo umenawa kabisa," alisema. "Hakuna watakatifu."

Fundi alitazama mgongo wa mkono wake. Lile tone la asubuhi lilikuwa pale pale, limekauka. Lilikuwa limesalimiana na jimbo zima na hakuna aliyeliona.

"Yupo mmoja," alisema, akicheka peke yake. "Mtafute."

Mke akavaa miwani, akatafuta mpaka chakula kikapoa.