Malori Juu ya Tanuru za Mababu

Baba yangu alikuwa mkulima wa mpunga pale Mkula, lakini ukoo wetu ulikuwa wa wahunzi. Kando ya barabara ya kwenda Ifakara, kwenye mwinuko, kulikuwa na mabaki ya tanuru za udongo ambamo mababu waliyeyushia chuma, zamani sana kabla barabara haijapitishwa. Kila kiangazi baba alipalilia pale, kama watu wanavyopalilia makaburi.

Miaka ya tisini malori yalizidi. Masika, barabara ilipogeuka tope, madereva walipanda mwinuko kukwepa kukwama, na magurudumu yakaanza kuzisaga zile tanuru. Baba aliweka matawi ya miiba, waliyaondoa, wakapita.

Ndipo akaja mama mmoja Mzungu, mkaguzi aliyetumwa na shirika la kimataifa linaloshughulikia mambo ya kale. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nikaombwa nitafsiri. Alipima, akapiga picha, akapiga magoti kufuta vumbi kwa brashi. Sikuwahi kumwona baba amefurahi vile. Akataka kujua malori yatakoma lini.

Yule mama akasema kazi yake ni kukagua na kushauri. Hana uwezo wa kumzuia hata dereva mmoja. Ikanibidi niyatamke maneno hayo mbele ya baba yangu mzazi.

"Basi mwambie ashauri upesi," alisema baba. "Mvua haisubiri."

Vibao vya kukataza magari vililetwa, vikasimikwa. Lakini masika yale yalikuwa makubwa. Lori la mbao lilikwama katikati ya barabara, na yaliyokuwa nyuma yake yakapita juu ya mwinuko kutwa nzima. Tulipofika tulikuta tope jekundu na vigae vya udongo uliochomwa. Baba aliokota kimoja, akakifuta kwa shati lake, akakirudisha chini.

Mwaka uliofuata mkaguzi alirudi.

"Shikamoo, baba," alisema, kwa Kiswahili alichojifunza.

Baba aliitikia, akamwuliza kama amekula. Mama yangu akapakua wali na kambale. Tukala, na hakuna aliyezitaja tanuru. Mgeni alipoomba kwenda kuona, baba aliniambia nimpeleke mimi.

Tangu hapo hadi alipofariki, baba alikwenda shambani kwa njia ya mtoni, ndefu na yenye utelezi, ili asipite pale.