Njia Uliyoijia Siyo ya Kukimbilia

Mwanangu, umeniambia kwaya yenu inakwenda pwani, na begi umeshafunga. Vizuri. Lakini keti kwanza, maana siku niliyoiona bahari mara ya kwanza naikumbuka mpaka leo, na sipendi uondoke bila kuisikia.

Tulitoka hapa Nyakahura kumsindikiza dada yangu aliyekuwa anaolewa huko. Mkubwa wetu safarini alikuwa shangazi Koleta, aliyevuka mpaka kutoka Burundi akiwa msichana, yeye na mama yake wakikimbia vita. Tulipofika kwenye nyumba ya wageni, pale pale ufukweni, mwenye nyumba, mzee mpole, alitukaribisha. Sisi vijana tulimpa shikamoo tukanyamaza, ndivyo tulivyolelewa: mgeni haulizi mambo ya nyumba ya watu, husubiri aonyeshwe. Shangazi hakungoja hata kiti.

"Maji yakija, watu wa hapa mnakimbilia wapi?"

Tuliona aibu. Binamu yangu Denisi akaninong'oneza, "Harusi bado, mwenzetu ameshaanza kukimbia." Nilicheka; Denisi alijaliwa maneno. Mzee yeye hakucheka. Alimtoa shangazi nje, akamwonyesha njia ya mchanga nyuma ya jiko, inayopanda hadi shuleni. Akamwambia barabara tuliyoijia iko bondeni, na bahari ikijaa siku ya mvua kubwa, barabara hiyo inageuka mto. Shangazi aliporudi alitueleza yote. Denisi alikuwa kwenye simu yake.

Kesho yake mchana, mvua kubwa ikakutana na bahari iliyojaa. Maji yalituingilia tukiwa bado tunakula. Shangazi alitangulia, tukashikana mikono, tukapita nyuma ya jiko. Kufika shuleni tunatazamana, Denisi hayupo. Jirani mmoja alimwona akikimbilia barabarani, njia pekee aliyoijua. Tulimpata jioni maji yalipopungua, na alikuwa ameshakufa.

Niliogopa shangazi angetusema kwa kile kicheko. Hakutusema. Alikaa kando ya mwili, kitenge chake kikitiririka maji, akasema polepole, "Kosa ni langu. Niliwaambia njia, sikuwapitisha. Sisi siku ile ya kukimbia tulipona kwa sababu mama alikuwa ametupitisha kwa miguu kabla. Mtu akishikwa na hofu hakumbuki aliyoambiwa. Miguu inamrudisha alikotokea."

Wahenga walisema maji usiyoyafika hujui wingi wake, na sisi watu wa milimani bahari hatuijui, tusijidanganye. Kwa hiyo ukifika, adabu yako ya ugeni iweke pembeni kidogo. Amkia, kisha uliza wanakimbilia wapi. Ukishajibiwa, usiitikie tu kwa kichwa. Inukeni wote, na mwalimu wenu wa kwaya, mkaitembee hiyo njia mpaka juu, mchana, mkiwa hamna haraka. Ukiona wenyeji wanaondoka ufukweni, ondoka nao, mizigo iache. Na mwenzako akikucheka, mwache acheke, ila mshike mkono umpeleke, kwa sababu mimi nilicheka na Denisi badala ya kumpeleka, na mama yake alinipokea hapa kituoni akiniuliza yuko wapi.

Nenda, mwanangu. Mungu awatangulie njiani na majini, na siku ya kurudi, wote waliopanda basi washuke.