Matonge ya Sabha

Sabha alikuwa ng'ombe mwenye maringo, na maringo yenyewe alifunzwa na Ghusun. Milimani kwetu ng'ombe hapelekwi malishoni. Mashamba yetu ni ngazi za mawe, na mnyama mzito akikanyaga ukingo, ukuta uliojengwa na mababu unaporomoka asubuhi moja. Basi ng'ombe hukaa chini ya nyumba, kwenye chumba cha kwanza ukiingia mlangoni, na mwanamke wa nyumba humlisha kwa mkono. Huchukua mabua makavu ya mtama, huyakunja, huyaviringisha kwa majani mabichi matamu, kisha hulitia tonge kinywani kama anayemlisha mtoto mdekezwa. Ng'ombe huonja utamu wa nje, akatafuna na ukavu wa ndani asijue. Ni kumdanganya, tuseme kweli, lakini hakuna ng'ombe wetu aliyewahi kuvuka kiangazi bila kudanganywa.

Wanawake wengine walilisha ng'ombe wao kwa sababu kazi ni kazi. Ghusun alilisha kwa wivu. Siku alipoolewa, mama yake alimwongoza ndama jike kutoka mlima wa pili akamfunga mlangoni kwa mkwe, akasema huyu ndiye ndugu yako huku ugenini. Ndama huyo alizaa, mwanawe akazaa, na kizazi cha mwisho kilikuwa Sabha, mwekundu, mwenye doa jeupe kwenye paji la uso. Jike mwingine wa ukoo ule hakubaki. Mama mtu alishakufa, na kila Ghusun alipoweka shavu lake kwenye shingo ya Sabha alihisi kuna kitu cha kwao bado kinapumua.

Sabha hakula kwa mkono wa mtu mwingine. Mumewe Ghusun, Musid, alipojaribu mara moja, ng'ombe aligeuza uso ukutani.

"Mke mwenzako huyu kanikataa, mama Abdu," alisema Musid, akijipangusa mate ya ng'ombe kwenye shati.

"Atakula kwa mkono wa nani mwingine?" Ghusun alijibu, na asubuhi nzima alitembea kifua mbele.

Nyumba yao ilijitosheleza. Walinunua chumvi, sukari na mafuta ya taa, vingine vyote vilitoka kwenye ngazi zile na kwenye chumba kile cha chini. Mtama ulitoa unga na mabua. Kondoo walitoa sufu, kuku mayai, punda alibeba maji na mbolea. Ng'ombe ndiye aliyetoa kilichobaki, yaani maziwa, mtindi, na samli ya kuwekea wagonjwa na wageni. Wakati huu Sabha alikuwa amekauka maziwa kwa sababu ya mimba, na nyumba nzima ilikuwa ikimngojea azae. Kwenye ghorofa ya juu kabisa, Jumaila, mke wa mtoto wao Abdulqawi, alikuwa na kichanga, Arwa, ambaye maziwa ya mama yake yalikuwa yameanza kumpungukia. Mumewe alikuwa ng'ambo ya mpaka akitafuta kazi. Mtoto akilia, wote walitazama sakafu, kule chini alikosimama Sabha.

Na mwaka ule ulikuwa mbaya. Mawingu yalipanda kila alasiri, meusi, yenye ngurumo, yakapita juu ya vichwa vyetu kwenda kunyesha kwa watu wengine. Mtama uligoma ukiwa umefika magotini. Musid aliungoja hata akachoka, mwishowe akaukata wote ili walau apate mabua. Tai walianza kukaa kwenye jabali la korongo, mahali tunapotupa mizoga. Walikaa tu. Hakukuwa na mzoga wowote.

"Wanangoja nini hawa?" aliuliza Ghusun.

"Waache, wana nyumba yao pale," alisema Musid. Lakini jioni alilifunga zizi la kondoo kwa kamba mbili.

Kisha ikanyesha mvua moja. Moja tu, ya alasiri moja, ikakoma. Siku chache baadaye visiki vya mtama uliokatwa vilichipua, na konde la chini likavaa kijani ambacho macho yetu yalishakisahau. Lilimeremeta. Watu walipita, wakalitazama, wakageuza nyuso. Musid alikata matawi ya miiba akaziba mlango wa konde, akarudi na matawi mengine akaongezea juu yake. Hakusema neno, na hakuna aliyemuuliza. Mtama uliokatwa ukiwa na kiu, ukichipua tena, una sumu hadi utoe mashuke. Mtoto wa kwetu anajua hilo kama anavyojua kuwa moto unaunguza. Ukimuuliza nani alimwambia, hakumbuki.

Ila Jumaila hakuzaliwa kwetu. Yeye ni wa kule chini pwani, kwenye joto, ambako baba yake ana kinu cha ufuta kinachozungushwa na ngamia. Kwao mtama wa mifugo hunyweshwa maji ya bondeni, hukatwa ukiwa mbichi, huchipua, hukatwa tena, na ngamia wa baba yake amenenepa juu yake miaka nenda miaka rudi. Alipoiona ile miiba alielewa jambo moja tu, kwamba wakwe zake wanakiweka akiba kitu kizuri.

Alikuwa binti mchapakazi, tena mwenye hamu ya kupendwa. Ghusun hakumchukia. Alimtania tu kutwa kucha, na mle chini kwa ng'ombe hakumruhusu aguse kitu.

"Nikusaidie kufunga matonge, Mama?"

"Wewe kafunge samaki, binti wa bahari. Huyu hana magamba."

Jumaila alicheka, kwa sababu ilibidi acheke. Akapanda ngazi na ndoo yake.

Mambo yaligeuka kwa sababu ya mkate. Asubuhi moja Ghusun alikuwa amejiinamia kwenye tanuri la mofa, akibandika unga uliokandwa kwenye kuta za ndani, na mawazo yake yako kwa tai. Mkono wa kulia ukagusa ukuta wa moto. Ngozi ya kiganja ilitoka pamoja na mkate. Musid alimpaka asali na kumfunga kitambaa, na kwa mkono mmoja mtu hawezi kukunja bua wala kuviringisha jani. Ghusun alikaa kwenye kizingiti cha chumba cha ng'ombe akitazama lundo la mabua, machozi yakimlenga, na haikuwa kwa ajili ya kidonda.

"Haya, njoo," alimwita Jumaila hatimaye. "Wewe funga. Mimi nitalisha."

Wakaanza hivyo. Jumaila alifunga, na vidole vyake vilijifunza upesi kuliko Ghusun alivyopenda. Ghusun alilisha kwa mkono wa kushoto, akimwimbia Sabha maneno ya kwao:

*Kula, binti wa mama yangu, kula,*
*mvua iko njiani, kula,*
*mkono huu haujakunyima, kula.*

Na Sabha alikula. Lakini majani mabichi, yale machache yaliyomwagiliwa kwa maji ya kufulia, yalizidi kupungua, kila tonge likifungwa kwa jani jembamba kuliko la jana. Sabha naye hakuwa mjinga. Akaanza kumumunya jani la nje na kuutema ukavu sakafuni. Mbavu zikahesabika. Tumbo la mimba likaning'inia chini yake kama mzigo wa mtu mwingine.

"Anatema, Mama," alisema Jumaila.

"Nina macho."

"Akizaa hivi, maziwa yatatoka wapi?"

Ghusun aliokota kiini kilichotemwa, akakirudisha kwenye lundo. Usingizi ulishampaa. Kila alipofumba macho alikiona chumba cha chini kikiwa kitupu.

Siku ya pili yake Musid aliondoka mapema kuziba ukuta wa ngazi za juu. Ghusun alikwenda kwa jirani kubadilishiwa kitambaa cha mkono. Jumaila alimfunga Arwa mgongoni, akachukua mundu, akashuka konde la chini. Aliondoa miiba tawi moja moja, akachomwa, akajinyonya kidole. Alikata machipukizi ya kumtosha ng'ombe mmoja, kwa adabu, kutoka pembeni, akairudisha miiba mahali pake. Alikuwa na furaha. Amekwisha kujua dawa ya ng'ombe anayetema kiini, nayo ni kutia utamu ndani ya tonge. Tena machipukizi yenyewe yalikuwa mafupi, yasingeweza kuviringisha kitu. Akayaweka katikati, akayafunika mabua, na juu akazungusha majani ya mwisho ya maji ya kufulia. Kwa nje, matonge yalikuwa kama ya siku zote. Aliyapanga kwenye ungo, akaona yamependeza.

Hakungoja. Alitaka Ghusun atakaporudi amkute Sabha anatafuna. Akapeleka tonge la kwanza kinywani kwa ng'ombe.

Sabha alinusa. Akavuta pumzi ndefu, akarudi nyuma hadi kamba ikakaza. Jumaila akamfuata nalo. Ng'ombe akageuza kichwa huku, akageuza kule, akapiga kwato kwenye mawe.

Hapo ndipo Ghusun alipoingia. Aliona binti amenyoosha mkono na ng'ombe amekataa, na moyo wake, uliokuwa mzito siku zote hizo, ukapata raha kidogo.

"Si nilikwambia?" alisema, akivua ushungi wa safari. "Atakula kwa mkono wa nani mwingine? Lete hapa."

"Labda leo hana njaa, Mama."

"Hana njaa na mbavu zile? Ananitaka mimi. Sogea."

Alikaa kwenye jiwe lake, akaweka ungo mapajani, akachukua tonge kwa mkono wa kushoto. Sabha alilinusa, akageuka. Jambo hilo halikuwahi kutokea. Ghusun aliinusa asali kwenye kitambaa chake. Ameninunia, alijiambia, ananusa dawa ya kidonda. Akasogea karibu, akamkuna chini ya kidevu, akaanza kuimba kwa sauti ya chini kabisa, ile aliyoimba mama yake. Kula, binti wa mama yangu. Masikio ya Sabha yalilegea. Aliimba hadi shingo ikalala begani mwake. Mkono huu haujakunyima. Na Sabha, huku akivuta pumzi kama mwenye kuguna, alifungua kinywa.

Alikula la kwanza. Hakutema. Alikula la pili, la tatu, na Ghusun akamtazama Jumaila kwa jicho la ushindi. Jumaila naye alikuwa anatabasamu, mikono kifuani, akingoja kuulizwa siri. Ungo ulikuwa umebaki nusu lilipochomoza pembeni mwa midomo ya Sabha jani fupi, la kijani kibichi, linalong'aa.

Ghusun aliacha kuimba.

Alikamata jani lile kwa vidole, akalivuta, akalitazama kwenye mwanga wa mlango.

"Umetoa wapi hili?"

"Konde la chini, Mama." Sauti ya Jumaila ilikuwa bado na tabasamu. "Palipowekwa miiba. Nimekata kidogo tu, nikatia ndani ili..."

Hakumaliza, kwa sababu aliuona uso wa mkwewe. Ghusun alitia mkono mzima kinywani mwa ng'ombe, ule wenye kidonda, akachokora, akatoa povu na majani, akachokora tena. Kitambaa kikabaki huko. "Mtindi!" alipiga kelele. "Kaombe mtindi, samli, chochote! Mwite Musid!" Jumaila alikimbia, mtoto akirukaruka mgongoni na kulia.

Sabha alianza kuhema. Kwanza kama aliyepanda mlima, kisha kama aliyepanda milima yote. Ufizi wake ulikuwa mwekundu mno. Miguu ya nyuma ilitetemeka, ikaachana. Alimtafuta Ghusun kwa kichwa, akamwekea pua kwenye kiganja cha kushoto, akalamba, kwa maana mkono ule ukiwa mtupu huwa unakwenda kuleta tonge lingine. Kisha akapiga magoti, akalala kwa ubavu, na tumbo lake likaendelea kusogea peke yake kwa muda baada ya yeye kutulia.

Musid alifika mbio na kisu, ili walau nyama iwe halali. Alisimama mlangoni. Alikuwa amechelewa, na kisu kikamshuka mkononi. Nyuma yake alikuwa Jumaila na bakuli la mtindi wa jirani, nusu limemwagika kwenye nguo zake. Alikuwa ameshaambiwa na jirani maana ya ile miiba, ilionekana.

"Nani kamlisha?" aliuliza Musid. Alikuwa anautazama ungo, halafu akaanza kumgeukia Jumaila polepole.

Jumaila alifungua kinywa.

"Baba Abdu," alisema Ghusun kutoka sakafuni. Kichwa cha Sabha kilikuwa kimelala mapajani mwake, na damu ya kiganja ilikuwa imeenea kwenye doa jeupe. "Atakula kwa mkono wa nani mwingine?"

Alasiri walimfunga kamba, wakamvuta na punda hadi kwenye korongo. Mawingu yalikuwa yamepanda, meusi, yenye ngurumo. Jumaila alibaki nyumbani akimbembeleza Arwa, na Ghusun aliporudi alimkuta amekaa kwenye lile jiwe, mle chini, anamwimbia mtoto wimbo ule ule.

"Usiuimbe huo," alisema Ghusun. Akampokea mtoto, akapanda naye juu.