Marejeo kwa Itifaki

Miaka ile ya soko huria, serikali ilipokuwa ikipunguza watumishi, nilikuwa nasimamia tasnifu katika chuo kimoja nje kidogo ya Morogoro mjini. Mwanafunzi wangu mmoja alikuwa afisa wa wilaya, baba wa watoto, aliyepewa ruhusa ya kusoma. Asiporudi na shahada angepunguzwa. Na hata akirudi nayo, wa kuamua nani abaki alikuwa mkubwa wake.

Aliandika juu ya wafanyabiashara wanaopanda Uluguru kununua karoti kwa lumbesa, yaani gunia linalojazwa pomoni, likavishwa kilemba, na bado likahesabiwa gunia moja. Kazi nzuri. Nikafungua marejeo, ambayo hupangwa kwa alfabeti. Yeye aliyapanga kama wageni wa jukwaa kuu: mkubwa wake kwanza, kisha diwani, kisha mtendaji wa kata. Maprofesa walikaa nyuma kabisa, karibu na wapiga ngoma.

“Hapa unasema lumbesa ni wizi wa mchana. Chanzo, mkubwa wako. Alisema hivyo?”

“Alifungua mkutano, mwalimu.”

“Akasemaje?”

“Akatushukuru kwa kuhudhuria.”

“Na hilo la wizi alisema nani?”

“Mama mmoja mkulima. Alisema kwa sauti, mpaka mkubwa akaangalia saa.”

“Mbona humtaji?”

“Mwalimu! Nimtaje mama wa karoti, nimwache mkubwa? Unataka nikauze maandazi stendi ya Msamvu?”

Nilimwelewa. Kwetu hata harusi hainogi wakubwa wasipotajwa. Nikamweleza taratibu: kutaja chanzo si kumpa mtu heshima, ni kumwonyesha msomaji mlango wa kubisha hodi. Ukimpeleka kwa mkubwa kuulizia lumbesa, atapewa soda na kurudi mtupu. “Una masikio mazuri,” nikamwambia. “Ulimsikia yule mama. Mwandike.”

Akapanda mlima kumwomba idhini, akamwandika. Jina la mkubwa akalifuta.

Alifaulu, akapeleka nakala ofisini kama ilivyotakiwa. Baadaye alikuja kunisimulia. Mkubwa alianzia kurasa za mwisho, akijitafuta. Hakujiona, akakunja uso. Ndipo akasoma ndani, akafika kwenye lumbesa na wanunuzi wake. Mnunuzi mmoja, wilaya nzima ilijua, alikuwa shemeji yake. Akaifunga tasnifu polepole.

“Kijana,” akasema, “una adabu sana. Hukunitaja hata mara moja.”

Akabakizwa kazini, tena katika chumba chenye feni.