Sumu Iliyotafutwa Kwenye Uji

Kavugho alikuwa mkulima wa muhogo upande wa Beni, hata vita vilipomfanya mjane na kumpandisha Butembo, mji wa baridi, akiwa na sufuria moja mkononi. Kwa sufuria hiyo alianza kupika uji wa mtama na kuuuza kando ya barabara ya Rughenda. Uji ukapendwa, naye akaanza kuamini kwamba amepata tena mahali pa kupaita kwake.

Kisha majirani wakaanza kuanguka. Wa kwanza alikuwa Josaphat, fundi wa viatu. Mkewe Virginie, aliporudi alfajiri kutoka matangani, alimkuta amelegea, anatapika, hajitambui. Ikafuata nyumba nyingine, na nyingine tena. Hakufa mtu, lakini ulimi hauna mfupa: si wote hunywa uji wa yule mgeni? Kamate, mkuu wa mtaa, akamwendea.

"Mama, batu banasema uji yako iko na sumu. Miye sisemi. Lakini siku ya Mungu, kisha misa, batakufukuza na mawe. Afadhali urudiye kwenu."

"Kwetu wapi, papa? Kule kumebaki basoda na bunduki yabo tu."

Mwanafunzi mmoja wa mtaa huo, Eliane, alikuwa akifanya utafiti wa kumaliza masomo yake kuhusu maisha ya wakimbizi mjini. Alimwomba Kamate ruhusa ya kuuliza nyumba kwa nyumba kabla ya Jumapili, akaanzia kwa Kavugho. Mama huyo alitazamia kuulizwa alichotia sufuriani.

"Mama, usiku mbabula yako unaiachaka wapi?"

"Jiko? Inabakiaka inje, mwana wangu. Na kibanda yangu iko na matundu, hata kuku inapita!"

Eliane hakucheka. Aliondoka haraka.

Jumamosi alirudi pamoja na Kamate, Josaphat na Virginie. Kavugho alisimama karibu na mzigo wake uliokwisha kufungwa. Eliane akaeleza polepole. Jirani mmoja, Abdias, naye alianguka, ilhali hakuwahi kuonja uji ule. Wote walipatwa usingizini, kabla ya kunywa chochote. Na katika kila nyumba, ili askari wa doria wasione mwanga, walikuwa wameziba madirisha kwa matambara na udongo. Kisha, kwa sababu ya baridi, wakalala na mbabula ya makaa ikiwaka ndani. Moshi usioonekana ndio uliowalevya.

"Hapana!" akasema Josaphat. "Miye niliponeshwa na muganga."

"Muganga gani?" Virginie akamgeukia. "Tulikubeba, tukafika tu ku daraja, ukaanza kututukana! Ni hewa ilikuponesha. Muganga alikula kuku yetu bure!"

Kamate alicheka. Kesho yake, baada ya misa, aliagiza kila mbabula ilale nje na kila dirisha liachiwe upenyo. Hakuna aliyeokota jiwe. Kavugho, aliyekuwa akisikiliza mlangoni pa kanisa, alishusha pumzi kana kwamba ametua gunia.

Mvua za baridi zikapita bila mtu kuanguka. Asubuhi moja Virginie akaja na kikombe chake, akanywa, akakunja uso. Kavugho akashtuka.

"Kuko nini, mama?"

"Sukari kidogo sana! Ndiyo sumu yenyewe hii. Ongeza!"

Kavugho akacheka hata akashindwa kuushika mwiko.