Kichuguu Nyuma ya Nyumba

Mimi nina kichwa kigumu, na ulimi wangu ni mwepesi pale pasipotakiwa. Pale ulipotakiwa niliukalia. Nayasema haya mapema ili mtu asinihurumie.

Nyumba yangu iko Tunduma, kwenye mitaa mipya ya viwanja vilivyopimwa, kila mtu na ukuta wake na geti lake. Mwezi wa kumi, miyombo ya nje ya mji inapotoa majani mekundu na vumbi la malori limetuchosha, kila mtu anatazama mawingu. Wakati huo ndipo nilipomtoa mama yangu kijijini kwetu Ihanda, goti lilipoanza kumsumbua, nikamleta akae na mimi. Nilikuwa nimeishi pale peke yangu miaka sita bila kumjua jirani hata mmoja, na nikijisifia. Sina shida na mtu, ndivyo nilivyokuwa nasema.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na kichuguu kinachonizidi kimo. Mama alipokiona alifurahi kuliko alivyofurahia chumba chake chenye vigae. Akakizungushia miiba, akanikataza kumwaga maji ya sabuni karibu nacho. Akasema mvua za kwanza zikinyesha kitatoa uyoga, hapo nitajua kama nina majirani au nina kuta tu.

Mvua ikaja. Asubuhi ya siku ya nne uyoga ulikuwa umejaa, mweupe, vichwa vipana kama visosi. Kwetu, uyoga wa kwanza hauliwi na mwenye kichuguu. Unaanzia kwa jirani. Mama akajaza bakuli langu la maua lenye mfuniko, akavuka barabara akichechemea hadi kwenye geti la bluu linalotazamana na letu. Alikaa huko karibu nusu saa. Akarudi anacheka, akaniambia yule mama amepokea kwa mikono miwili.

Kesho yake, nikienda kazini, nikakuta kiroba cha taka nje ya geti la bluu, mbwa wamekichana. Uyoga wetu umetapakaa chini pamoja na udongo wake. Damu ikanichemka, sikusimama nikaangalia vizuri. Nilimfikiria mama akivuka barabara na goti lile, nikawaona wanavyomcheka mshamba wa Ihanda. Na nisiseme uongo, niliona pia wanavyonicheka mimi.

Sikumwambia mama, wala sikumwuliza jirani. Jumamosi mama akaenda Ihanda wiki mbili kusimamia upandaji wa mahindi, akaniachia agizo moja tu, kwamba asikanyage mtu kwenye kichuguu. Jumatatu nikaita mafundi na sururu zao. Walichimba siku mbili wakasawazisha, siku ya tatu wakamwaga zege. Nilijiambia namwondolea mama aibu. Jamani, anayetaka kujidanganya hakosi sababu.

Aliporudi alipitiliza nyuma ya nyumba, hata mkoba hajautua. Nikamfuata, nikamwaga yote kwa kelele, taka, mbwa, dharau. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ulimwuliza?" akasema.

Akaingia ndani, akakunja vitenge vyake. Jua lilikuwa bado juu, akasema atalala kwake. Nilimsihi, nikalia, nikamkumbusha goti. Akanijibu kwamba goti linaijua njia ya Ihanda.

Siku ya tano geti likagongwa. Alikuwa jirani wa geti la bluu, bakuli langu mkononi limejaa karanga, maana bakuli la mtu halirudi tupu. Akaomba radhi kwa kuchelewa, alikuwa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, kwa dada yake aliyejifungua. Akamwulizia bibi, yaani mama yangu. Akasema ule uyoga waliumaliza siku ileile, watoto wakagombania mchuzi, kazi ilikuwa kukata ile mizizi tu, mirefu na imejaa udongo.

Mizizi! Mimi, mtoto wa Ihanda, niliyekata mizizi ya uyoga tangu sijang'oka meno ya utoto, nimeikuta kwenye taka nikasema ni uyoga umetupwa. Nilipokea bakuli kwa mkono mmoja, sikumbuki hata kama nilishukuru. Nilijichukia, na bado najichukia.

Jumapili nikazipeleka zile karanga Ihanda. Nilimkuta mama amekaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba, anachambua maharage. Nikapiga magoti, nikasema yote, nikamwomba arudi, jirani anamwulizia. Akatafuna karanga moja taratibu, ndipo akasema.

"Mwanangu, mimi majirani ninao hapa. Yule nilikuwa nakutafutia wewe."

Hakurudi. Kila nikimpigia simu ananiuliza habari za kazi, habari za nyumba hanigusii.

Mwaka huu mvua zimeanza tena. Zege langu liko imara, halina hata ufa. Na jirani tunapungiana mkono, kila mtu anaingia kwake. Juzi nilinunua uyoga kwa akina mama wanaouza kando ya barabara, nikaujaza kwenye bakuli la maua, nikavuka hadi geti la bluu. Nilisimama pale nikiwaza nitasema umetoka wapi. Nikarudi nao, nikaupika, nikaula peke yangu.